Stima Iliporudi Raila

Mwende mwanangu,

Kabla hujaenda mstari wa pili, niahidi kwamba haya yatabaki kati yetu. Usimsomee msichana yeyote wa bwenini, hata kama ni yule mtakayelala naye kitanda cha juu na cha chini. Usimwonyeshe mwalimu. Mama yako akikupigia simu, usimgusie. Nitamwambia mwenyewe kesho jioni akirudi kutoka kukupeleka. Ukimaliza kusoma, ichane barua hii, ila kipande cha mwisho, kile cha namna ya kunipata, kikate ubaki nacho. Kuna mtu ambaye lazima ayasikie haya kutoka kinywani mwangu kabla hajayasikia kwingine, na bado sijamwambia.

Sasa hivi uko kwa kinyozi na mama yako. Ulitoka hapa umeshika nywele zako kwa mikono yote miwili kama mtu anayepelekwa kung'olewa jino. Sanduku lako liko mlangoni, limefungwa, na mambo ya sabuni, kufuli na kuanika nguo mahali unapoziona ameshakwambia mama yako hadi ukamwomba apumzike. Sitayarudia. Mimi nataka kukueleza kwa nini kwa wiki hizi zote nimekuwa nikiingia nyumbani na uso ule. Uliniuliza mara moja, "Dadi, kwani kazi imekuwa mbaya?" nikakujibu, "Kula." Hilo halikuwa jibu.

Ofisi yetu unaijua kwa nje tu: ghorofa ya juu pale Kawangware, kituo cha 56, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, mahali ambapo huwezi kusikia simu mabati yakishushwa. Watu wanakuja na mahitaji yao, sisi tunawatafutia kwenye mtandao: cheti cha kuzaliwa, cheti cha tabia njema, ushuru, maombi ya kazi. Kompyuta zote zinafunguka kwa akaunti moja ya ofisi. Madam, mwenye ofisi, alitaka hivyo ili karani yeyote akiketi kwenye mashine yoyote akute kurasa zilezile na nakala zilezile za wateja. Neno la siri limeandikwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa chini ya kibodi. Sheria yake ni moja, na huirudia kila akifika ofisini: "Hii akaunti haitoki nje ya huu mlango. Vitambulisho vya watu viko humo ndani."

Kumbuka hapo. Nitaparudia.

Shida ilianza asubuhi moja ya kawaida. Nilifungua kivinjari, nikaandika ninachotafuta, na badala ya injini ya utafutaji tuliyoizoea ikaja nyingine ambayo sijawahi kuiona, ukurasa wa njano, umejaa matangazo. Juu kabisa kulikuwa na picha ya mwanamke aliyeshika tumbo lake, kushoto nene, kulia jembamba. Nikaingia kwenye mipangilio, nikachagua ile injini ya zamani, nikafunga, nikafungua. Ikakaa vizuri mchana kutwa. Kesho yake asubuhi, njano. Yule mwanamke na tumbo lake.

Mwende, sijui nikueleze vipi hasira ya kitu hicho. Si kitu kikubwa. Ni mtu kupanga kiti chake, kutoka, kurudi na kukikuta kimegeuzwa ukutani, kila siku, na hakuna aliyeingia. Nilifuta historia. Niliondoa viendelezi vyote, vile viprogramu vidogo vinavyojibandika kwenye kivinjari, hata vile visivyo na kosa. Nilikiondoa kivinjari chenyewe nikakiweka upya. Nilitafuta virusi kwa programu mbili tofauti, na zote mbili zikaniambia mashine ni safi kabisa, kwa alama ya tiki ya kijani. Nilitamani kuing'oa ile tiki. Nilikuwa nikitengeneza mashine moja nakuta zote zimebadilika pamoja, kana kwamba zimekubaliana usiku. Nina diploma ya kazi hii. Nimeisomea. Na kila asubuhi nilikuwa nikiketi pale kama mtu asiyejua kuwasha redio.

Mwenzangu Ouma ndiye aliyekuwa akinifanya nicheke. Umewahi kumsikia kwenye simu, yule mwenye sauti kubwa aliyekuuliza kama ni wewe unayemfulia Karani, ndivyo wanavyoniita kazini, soksi zake. Ouma ndiye aliyekuwa na ufunguo wa ofisi, kwa hiyo alifika kwanza na kuwasha mashine zote.

"Karani, niaje," ananiambia nikiingia. "Imeamka tena."

"Imeamka aje?"

"Na njano yake. Hii kitu iko na majini, walai. Si tuitie pasta?"

"Pasta akija atataka kuprintiwa bure."

Siku moja alikuja mama mzee anayeuza mboga pale stage ya magari, alikuwa anatafutia mjukuu wake cheti cha kuzaliwa. Nikaandika, ukurasa wa njano ukaruka. Mama akavaa miwani, akainama karibu na kioo.

"Kijana, hii ndiyo serikali?"

"Bado, mama. Ngoja kidogo."

"Mbona serikali inauza dawa ya kupunguza tumbo?"

"Hiyo ni huduma mpya, mathe," Ouma akadakia. "Unachukua cheti na unaenda ukikonda."

"Wewe na hilo lako ndio wa kuniambia? Anza wewe tukuone."

Foleni nzima ikacheka, na Ouma akalishika tumbo lake kama yule mwanamke wa picha. Mimi pia nilicheka, ndiyo maana sikutazama vizuri. Nikabonyeza jibu la kwanza kwenye orodha. Ukafunguka ukurasa wenye nembo na rangi kama ule wa kweli, ukaomba namba ya kitambulisho. Nilikuwa nimeandika nusu ya namba ya yule mama ndipo nikaona anwani iliyo juu: jina refu la ajabu, lisilo na uhusiano wowote na serikali. Nikafuta, nikafunga kila kitu, nikamwambia mtandao unasumbua, arudi mchana. Aliondoka akinishukuru. Tangu siku hiyo nikawa nasoma anwani ya kila ukurasa mara mbili, na bado nilikuwa nikienda chooni kufikiria kama kuna mtu niliyempeleka pabaya bila kujua.

Madam hakucheka. Yeye alishaamua kwamba ni Ouma, kwa sababu Ouma hula chakula chake cha mchana akitazama mechi kwenye mashine ya mlangoni. "Ni hizo takataka zako za mpira," alimwambia. Ouma akaacha kutazama mechi. Ukurasa wa njano haukuacha kuja.

Halafu ile transfoma ya hapa mtaani kwetu Raila ikalipuka. Unakumbuka ule mlio, na mama yako akidhani ni gesi ya jirani. Siku zote zile tulikaa gizani, ukawa unasoma kwa tochi ya simu yangu mpaka inazima, na ile laptop yetu ilikuwa imefunikwa kwa leso kwenye kona, maana betri yake ilikufa kabla sijaileta nyumbani na bila stima haiwaki. Ulilalamika sana. Mimi nilikuwa na raha yangu ya kimyakimya: Kawangware, mashine zilikuwa zimepona. Kila asubuhi injini ya zamani iko mahali pake. Madam alipita nyuma yangu akasema, "Karani, naona umeiweza." Nikapokea sifa. Nilidhani nimeiweza kweli, ingawa sikujua kwa njia gani.

Alhamisi jioni stima ikarudi. Raila nzima ikapiga kelele, unajua tunavyopiga, kama timu imefunga bao, na wewe ukaruka kitandani kwenda kuwasha laptop kabla hata mama yako hajachomeka pasi.

Ijumaa asubuhi nilipanda ngazi nikamsikia Madam kabla sijafika juu.

"Nani amefungua hizi mashine?"

"Ni mimi, Madam. Ni mimi hufungua."

"Na ndiyo hii njano tena? Wiki nzima ilikuwa imetulia!"

"Madam, mimi sigusi kitu. Nawasha tu. Muulize Karani."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na mkoba begani. Wote wawili wakanigeukia. Mwende, nilikuwa sijajua chanzo bado, hilo ni kweli. Lakini nilikuwa nimezipekua zile mashine kwa siku nyingi na sikukuta hata kitu kimoja cha Ouma chenye shida. Hilo nililijua. Lilikuwa sentensi moja tu ya kusema. Nikaona uso wa Madam, nikafikiria kwamba nikimtoa Ouma kwenye lawama, lawama itatafuta mahali pengine pa kukaa, na pale ndani tulikuwa wawili tu.

"Siwezi kujua, Madam," nikasema.

"Basi chukua jaketi yako," akamwambia Ouma.

Akaichukua. Akaweka ufunguo mezani, akapita karibu yangu, akasema, "Poa, Karani," bila utani wowote ndani yake. Nikasikia viatu vyake vikishuka ngazi hadi kelele ya mabati ikavimeza.

Jioni ile niliingia nyumbani, nikainama kuvua viatu, na wewe ukaniambia bila kugeuka, "Dadi, hii kitu imenipeleka tena kwa ile page ya njano."

Uliniambia "tena". Nilibaki nimeinama na kamba ya kiatu mkononi.

Nikaja nikasimama nyuma yako. Yule mwanamke alikuwa pale, kushoto nene, kulia jembamba, kwenye meza yetu ya kulia chakula. Nikakuuliza imeanza lini, na ukanijibu kwa upole ambao sikuustahili: "Si nilikuambia kitambo? Ukasema ni network ya Raila." Ni kweli. Uliniambia, na si mara moja. Mchana kutwa nilikuwa nikipigana na ule ukurasa kwa ajili ya watu wengine, kisha jioni mtoto wangu mwenyewe ananieleza habari zilezile na mimi namjibu nikiwa nimeangalia viatu.

Sasa rudi pale nilipokwambia ukumbuke. Ulipokuwa unajiandaa kwa mtihani ulihitaji karatasi za mitihani ya zamani, na kwenye akaunti ya ofisi zilikuwa zimejaa, maana wateja huja kuziprinti. Nikaingiza akaunti ile hapa kwenye laptop yetu. Nilijiambia ni kwa siku chache. Kisha mwalimu akataka uunganishe picha za mradi wako ziwe faili moja, ukapata programu ya bure ya kuunganisha, ikakuuliza kama unaruhusu hiki na kile. Ukaniita. "Dadi, inataka niallow ndio iendelee." Najua nilichokujibu kwa sababu ndicho ninachojibu siku zote nikiwa nimechoka. "Bonyeza tu."

Programu ile ndiyo iliyobeba ukurasa wa njano. Kila ulipowasha laptop jioni iligeuza injini ya utafutaji, na akaunti, kwa kuwa kazi yake ni kufanya kila mahali pafanane, ikabeba mabadiliko hayo hadi Kawangware. Nilikuwa nikitengeneza kule asubuhi, na jioni yanaharibika hapa, chini ya pua yangu, wewe ukifanya hesabu. Ndiyo maana stima ilipopotea Raila, mashine za 56 zikapona.

Wewe huna kosa. Soma tena hapo. Uliuliza kabla ya kubonyeza na aliyejibu ni mimi.

Ulipoenda kulala niliiondoa ile programu. Nikaondoa kiendelezi chake, nikarudisha injini, nikaitoa akaunti ya ofisi kwenye laptop yetu. Haikunichukua muda wala akili. Wiki zote zile, na ilikuwa kazi ya kumaliza chai ikiwa bado moto.

Jumamosi nikaenda kazini nusu siku. Mashine zilikuwa shwari. Madam alikuja, akafungua moja, akafungua ya pili, akaangua kicheko.

"Umeona? Ametoka na majini yake."

Nilifungua mdomo. Nakuapia niliufungua. Nikaona akitoa kitu kwenye mkoba.

"Shika ufunguo. Kuanzia Jumatatu utakuwa unafungua wewe."

"Sawa, Madam."

Ufunguo huo uko mfukoni mwangu ninapoandika. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Kama ningeiacha laptop yetu na ugonjwa wake, Madam angeona Jumamosi hiyohiyo kwamba Ouma hayupo na ukurasa bado uko. Kwa kuitengeneza kimya nimemfungia mlango. Kila asubuhi mashine zikitulia, ni kama zinasema alikuwa ni yeye. Na mimi ndiye nitakayekuwa nikiziwasha.

Naogopa, Mwende. Si kwa njia ya kuongea tu. Madam anaweza kunifukuza, na anaweza kufanya zaidi ya hapo, kwa sababu nakala za vitambulisho vya watu zilikuwa zinafunguka kwenye meza tunayolia ugali, kinyume na neno lake. Nimekuwa mwoga tangu nikiwa shuleni Kitui. Nilikuwa yule mwanafunzi anayejua jibu lakini anasubiri mwingine ainue mkono kwanza. Walimu waliniandikia kwamba nina nidhamu. Nilidhani ni sifa.

Wewe nakuona una kitu changu hicho. Ukitaka kuuliza unaanza na "pole". Uliniambia habari ya ukurasa wa njano, nikakupuuza, ukasubiri siku kadhaa ndipo ukaniambia tena, taratibu, kama mtu anayeomba chumvi. Huko unakoenda kuna watu watakujibu wakivua viatu. Sijui nikushauri nini ambacho mimi mwenyewe nimekiweza. Lakini ningependa upige meza. Ningependa ungenivuta shati siku ile ya kwanza ukaniambia, "Dadi, si network, njoo uone." Ningekasirika, kisha ningekuja.

Kesho, Jumatatu, nitawasindikiza hadi mpande gari. Nitakubebea sanduku na nitatabasamu, na usinitazame sana. Nikitoka hapo sitaenda 56 kwanza. Nitapitia Kawangware 46, anakokaa Ouma, nimwambie kila kitu nikiwa nimesimama mlangoni pake, hata kama hatanikaribisha. Kisha nitamwomba twende naye kwa Madam. Asipotaka, nitaenda peke yangu. Nitaichukua laptop chini ya kwapa ili Madam aione kwa macho yake mashine iliyobeba ugonjwa, na ufunguo nitauweka mezani kabla sijaanza kuongea, maana nikiendelea kuushika najijua, nitasema "Sawa, Madam."

Muhula huu umeshalipiwa. Hakuna atakayekurudisha nyumbani kwa sababu ya haya. Muhula ujao tutaujua ukifika.

Nawasikia mkija, mama yako anakucheka na wewe umenyamaza, nadhani hujayazoea masikio yako. Basi kipande cha kukata ni hiki:

Namba ya ofisi niliyokuandikia kwenye jalada la kamusi, ifute. Usiipige hata kwa dharura. Sijui nani atapokea. Siku mtakayoruhusiwa simu, piga kwanza ya mama yako, na upige jioni, tukiwa sote nyumbani. Ikiwa haipatikani, usishtuke, labda stima imepotea Raila na hatujachaji. Hapo mpigie Ouma. Namba yake iko nyuma ya kipande hiki. Mwambie tu, "Ni Mwende wa Karani." Akikata, usipige tena siku hiyo, na usimwekee kinyongo. Lakini akirudia utani wake akakuuliza kama nywele zimeanza kuota, cheka, kisha mwambie anifikishie salamu, na mimi nitakupigia.

Baba yako.